Moto Uko Wapi?

Mtu anayetoka nje usiku akapiga yowe la "Moto! Moto!" amefanya nusu tu ya kazi. Majirani watamsikia, ndoo zitakamatwa, mchanga utachotwa. Lakini zimamoto wako mbali, na wao wana swali moja kabla ya kutia gari moto: uko wapi? Historia ya kengele ya moto ni historia ya kulijibu swali hilo, na pale jibu lilipokosewa watu walipoteza mji.

Zamani alarmu ilikuwa kengele ya kanisa, au mlinzi juu ya mnara. Kengele ikilia mji mzima unajua kuna moto, lakini kengele haioneshi njia. Huko Boston, Marekani, hali ilikuwa hivyo mpaka katikati ya karne ya 19: watu wa pampu walitoka mbio, wakatazama angani wapi pana wekundu, wakafuata mkumbo wa watu. Kila dakika ya kutafuta ni dakika ambayo moto unakula.

Alikuwapo mjini humo bwana mmoja aliyesomea udaktari, jina lake William Channing. Mwaka 1845 aliandika gazetini kwamba telegrafu, yaani ile simu ya waya iliyokuwa ngeni wakati huo, ingeweza kutumiwa kupeleka habari za moto. Akashirikiana na Moses Farmer, fundi hodari wa mambo ya umeme. Wazo lao lilikuwa jepesi kabisa. Weka visanduku vya chuma mitaani, kila kisanduku kipe namba yake. Ndani yake tia gurudumu lenye meno, na meno hayo yapangwe kwa kufuata namba ile. Mtu akizungusha mpini, meno yanakata na kuunga umeme wa kwenye waya, na ofisi kuu inapokea mapigo. Ukisikia matatu, kisha manne, kisha mawili, hicho ni kisanduku 342. Aliyeomba msaada hakuhitaji kujua kusoma wala kueleza njia. Kisanduku chenyewe kilikwisha sema kiko mtaa gani.

Mtambo ulianza kazi tarehe 28 Aprili 1852. Kesho yake tu moto ukatokea. Inasimuliwa kwamba mtu aliyekimbilia kisanduku aliuzungusha mpini kwa pupa, kama sote ambavyo tungefanya, mapigo yakafuatana ovyo, na karani wa ofisi kuu hakuambua kitu. Ikambidi bwana yule atimue mbio hadi ofisini akaeleze kwa mdomo! Mafundi walijifunza. Visanduku vilivyofuata vilitiwa springi kama ya saa: unavuta mara moja, unaacha, gurudumu linazunguka lenyewe kwa mwendo wake. Posta masta mmoja wa South Carolina, John Gamewell, alimsikia Channing akihutubia mwaka 1855, akanunua haki za ufundi huo, na jina lake ndilo lililokuja kuonekana kwenye visanduku vya miji mingi ya Marekani.

Basi twende Chicago, usiku wa Jumapili tarehe 8 Oktoba 1871. Mji ule ulijengwa kwa mbao, mvua ilikuwa haijanyesha vya kutosha kwa miezi, na zimamoto walikuwa hoi kwa sababu ya moto mwingine mkubwa wa Jumamosi. Chicago walikuwa na mtambo wa telegrafu. Walikuwa na visanduku, tena na mlinzi, Mathias Schaffer, juu ya mnara wa jumba la mahakama. Kama ni vifaa, walikuwa navyo.

Moto ulianza katika banda la ng'ombe la mama mmoja wa mtaa wa DeKoven, Bi. Catherine O'Leary. Karibu na hapo palikuwa na duka la dawa lenye kisanduku. Mwenye duka alishuhudia baadaye kwamba alikivuta. Jirani mmoja alidai alinyimwa ufunguo, maana siku hizo visanduku vilifungwa kuzuia wahuni. Asadikiwe yeyote kati yao, ishara haikufika ofisi kuu.

Kule mnarani Schaffer aliuona moshi, lakini mwanga wa mabaki ya moto wa Jumamosi ulimchanganya macho. Akamwambia karani wa telegrafu, William Brown, atoe namba 342. Hiyo ilikuwa kama maili moja kutoka kwenye moto wenyewe. Baada ya muda Schaffer akatambua kosa, akamwomba Brown abadilishe. Brown akakataa: alihofu namba mbili zitawavuruga zimamoto, na kwa hesabu yake wakielekea 342 wangeuona moto njiani. Mimi naona hoja hiyo si ya kijinga hata kidogo, na ndiyo maana inatisha. Mtambo ulifanya kazi barabara, ukapeleka pahali pasipo.

Ilipofika alfajiri kengele ya mnara ule ilikuwa imekwisha poromoka pamoja na jengo lake. Moto ulikufa tarehe 10. Watu wapatao 300 walifariki, majengo zaidi ya 17,000 yaliteketea, na watu kiasi cha 100,000 hawakuwa na pa kulala. Lawama akatwishwa Bi. O'Leary na ng'ombe wake aliyedaiwa kupiga teke taa. Halmashauri ya jiji iliwasafisha wote wawili mwaka 1997, zaidi ya miaka 100 tangu mama wa watu azikwe.

Simu ilipoenea watu walidhani tatizo limekwisha. Lakini mwezi Novemba 1935 nyumba iliungua mtaa wa Wimpole, London, wakafa wanawake watano. Jirani aliyepiga simu aliachwa kwenye foleni pamoja na wapigaji wa salamu, kwa vile simu zote ziliita sawa. Kwa ajili hiyo, tarehe 30 Juni 1937, London ilianzishiwa namba 999, ambayo ilimwashia taa na kumlilia king'ora mpokeaji ili aitangulize. Namba hiyo ilikwenda na Waingereza, na Kenya inaitumia hadi leo. Sisi Tanzania zimamoto ni 114.

Ukiipiga 114 kwa simu ya mkononi, utaulizwa swali lile lile la mwaka 1852. Na wengi wetu tutajibu: "Njooni upesi, ni hapa karibu na mbuyu, nyuma ya mashine ya kusaga." Vibao vya namba za nyumba na majina ya mitaa vilivyobandikwa nchini kwa wingi mwaka 2022, ambavyo wengine walivicheka, vinafanya kazi ya namba ya kisanduku. Je, unaijua namba ya kibao cha mlangoni kwako?

Boston hawakuving'oa visanduku vyao. Vipo barabarani hadi sasa, vyekundu, na waya wake hautegemei minara ya simu. Ukivuta, namba inakwenda.