Msimamizi wa Mirathi Si Mrithi

"Mahakama imemteua shemeji yangu kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu mume wangu. Natakiwa kuhama lini?"

Swali hili nimechoka kuulizwa, na linaniumiza kwa sababu wengi wanaoliuliza wameshaanza kufungasha. Hutakiwi kuhama. Mahakama haikumpa shemeji yako nyumba. Imempa kazi.

Kazi yenyewe imetajwa kwenye Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu: akusanye mali ya marehemu, alipe madeni na gharama, kisha kilichobaki awagawie wanaostahili. Basi. Ni kama mpishi wa shughuli: sufuria zote ziko chini ya mkono wake, lakini chakula ni cha wenye shughuli.

Imani kwamba msimamizi ndiye mwenye mali inalishwa na karatasi. Ya kwanza ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Msiba haujapoa, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, mjane anatia sahihi bila kusoma, na baadaye anaambiwa kuwa "alikubali". Alikubali nini? Kikao kinapendekeza jina la msimamizi. Hakina mamlaka ya kumgawia mtu hata kijiko. Ya pili ni barua ya usimamizi, Fomu Namba IV, yenye muhuri unaowatisha watu. Isome: ni ya uteuzi, hakuna mahali inaposema nyumba ni ya nani. Ya tatu ni hati ya kiwanja. Ni kweli jina la msimamizi huingizwa humo, lakini kwa cheo hicho hicho cha msimamizi. Anaweza hata kuuza pale inapobidi ili kulipa deni au kugawa, ila fedha ni za mirathi, hazimhusu mfukoni.

Sasa tazama sheria zetu zote tatu za mirathi hapa Tanzania. Kwa Waislamu, mjane mwenye watoto ana thumuni, na akiwepo mtoto wa kiume, ndugu wa marehemu hapati kitu. Kwa wale ambao mirathi yao haiendeshwi kimila wala Kiislamu, bado tunatumia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili. Hata Kanuni za Mila za mwaka 1963, ambazo zinamnyima mjane fungu akiwa na watoto na zilistahili kufutwa zamani, zinawapa urithi watoto, si baba yao mdogo. Na mali uliyochuma kwa jasho lako si ya marehemu hata kidogo. Haiingii kwenye mgawo.

Kwa hiyo acha kufungasha, fanya haya. Nenda kwenye mahakama iliyotoa barua, chukua namba ya shauri, omba kuona jalada. Kama ni Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ana miezi minne kuwasilisha Fomu Namba V, orodha ya mali na madeni yote, labda mahakama imwongezee muda. Hesabu za usimamizi ni Fomu Namba VI. Hakuna orodha, au nyumba imerukwa? Lalamika kwa maandishi. Anafuja au anaficha? Mrithi yeyote anaweza kuomba uteuzi ubatilishwe. Unasikia kuna mnunuzi? Weka zuio kwa Msajili wa Hati siku hiyo hiyo, maana kumrudisha mnunuzi nyuma ni kesi nyingine ndefu. Beba cheti cha kifo, cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto. Huna wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo, na Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) kinasaidia wanawake.

Nanyi waume mlio hai, andikeni wosia, mtaje ndani yake msimamizi mnayemwamini, mbele ya mashahidi wasiofaidika nao. Wa kimila una masharti yake: kama mwandishi anajua kusoma, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na mke naye ashuhudie. Uhifadhini kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), benki au kwa wakili, na mkeo ajue ulipo. Mkikaa kimya, ukoo ndio utakaomchagulia mjane wenu msimamizi.