Hoki ya barafu na kifungu cha 10

Ukimwambia mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kwamba mataifa hukutana kila mwaka kugombea ubingwa wa dunia wa hoki ya barafu, atakujibu upesi kuwa huo ni mchezo wa wenye theluji. Ziwa Tanganyika haligandi, na umeme wa Ruzizi hukatika kabla friji ya muuza samaki haijapoa. Jibu hilo linaeleweka, ila limeshika sababu isiyo yenyewe. Barafu ya mashindano haishuki kutoka mbinguni hata Stockholm. Chini ya uwanja wa mita 60 kuna mabomba yaliyozikwa ndani ya zege, na ndani yake huzungushwa maji ya chumvi yaliyopoozwa chini ya sifuri bila kuganda. Juu ya zege humwagwa maji kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, mpaka barafu ifikie unene wa sentimita tatu hivi. Kile kisahani cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo, chenye uzito usiozidi gramu 170, nacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisirukeruke. Mitambo ya namna hiyo iliwashwa Nairobi mwaka 2005, katika hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa. Uwanja wake ni mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, lakini ndimo ilimozaliwa timu ya Ice Lions, iliyoalikwa Kanada mwaka 2018 na kucheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Na Nairobi iko karibu na ikweta kuliko Uvira.

Basi tuiache hali ya hewa. Kinachoamua nani awe na timu ya taifa ni sheria inayosema nani ni raia, na hapo ndipo sisi watu wa kaskazini ya ziwa tunapofungiwa mlango. Historia ya mchezo huu inaonyesha hivyo tangu mwanzo. Hoki ya barafu iliingia kwenye Olimpiki mara ya kwanza Aprili 1920, mjini Antwerp, ndani ya nchi ileile ya Ubelgiji iliyokuwa ikiitawala Kongo. Dhahabu ilichukuliwa na Kanada, na waliovaa jezi ya Kanada walikuwa Winnipeg Falcons, karibu wote watoto wa wahamiaji kutoka Iceland. Mwaka 1936 Uingereza ilitwaa dhahabu kwa kikosi ambacho wengi wao walizaliwa Uingereza lakini walikulia na kufundishwa mchezo Kanada. Kanada ililalamika, medali ikabaki London. Tangu zamani, kwenye barafu, mtoto wa mhamiaji amekuwa nguzo ya timu ya taifa, na kila nchi imevuna kwa kadiri sheria zake zilivyomruhusu kurudi au kubaki.

Sasa tujitazame. Tangu vita vilipowaka hapa Uvira mwaka 1996, familia za mjini, za Fizi na za milima ya Itombwe zimetawanyika. Wengi walipitia kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, wengine Burundi, kisha wakapelekwa Marekani, Kanada na nchi za Skandinavia. Watoto wao wanakulia miji ambayo uwanja wa barafu ni wa kawaida kama uwanja wa mpira ulivyo Mulongwe. Tunajua mbegu kama hiyo inaweza kufika wapi. Johnny Oduya, aliyezaliwa Stockholm na baba Mkenya, alishinda kombe la Stanley, taji la ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, mara mbili na Chicago, mwaka 2013 na 2015, na katikati ya hapo alicheza fainali ya Olimpiki ya Sochi 2014, Uswidi ilipofungwa na Kanada 3 kwa 0. Alichezea Uswidi kwa haki yake yote. Ninachouliza ni kama mtoto wa Kavimvira anayekulia Winnipeg leo atakuwa na chaguo lolote kesho.

Kwa sheria zetu, hana. Kifungu cha 10 cha katiba ya 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na wa pekee, wala hauwezi kushikwa pamoja na mwingine wowote. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 inaongeza kwamba anayepata uraia wa kigeni anaupoteza wa Kongo. Matokeo yake yanaonekana kwa macho pale mpakani Kavimvira. Mrundi mwenye karatasi ya CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, anavuka bila viza, lakini aliyezaliwa Uvira, akirudi kumzika mama yake na pasipoti ya Kanada mkononi, anatakiwa viza kama mtalii. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha kila siku, si haki yake tena.

Mtu atasema: mbona Leopards, timu yetu ya taifa ya soka, wanacheza? Ni kweli. Katika Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, Kongo ilimaliza ya nne, na kikosini walikuwemo waliozaliwa Ufaransa kama Cédric Bakambu na Yoane Wissa. Taifa zima liliwashangilia, na lilifanya vema. Lakini katiba haikubadilishwa kwa ajili yao. Taifa lilichagua tu kutouliza maswali. Huruma ya namna hiyo humfikia mwenye jina na kumwacha asiye nalo. Mchezaji wa hoki, kama muuguzi au fundi aliyeko Norway, hana waziri wa kumpigia simu.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu, na lina uzito. Shirikisho la kimataifa halitosheki na pasipoti: mchezaji aliyepata uraia mwingine hudaiwa kwanza acheze miaka ndani ya nchi anayotaka kuiwakilisha, na aliyekwisha kulichezea taifa jingine hudaiwa miaka minne. Bila uwanja wa barafu nchini hilo haliwezekani, kwa hiyo sitamwahidi mtu kwamba tutaiona Kongo kwenye ubingwa wa dunia karibuni. Lakini Jamaika nayo haina uwanja. Ilijiunga na shirikisho mwaka 2012, ikakusanya watoto wa Wajamaika wa Kanada na Marekani, na mwaka 2019 timu hiyo ikatwaa Kombe la LATAM huko Florida. Haikusubiri barafu ipatikane Kingston, kwa kuwa watu wake wa ugenini walikuwa bado watu wake.

La tatu ndilo zito kuliko yote, na nalijibu kwa heshima. Katika bonde la Ruzizi swali la nani ni Mkongomani limemwaga damu, na wapo wanaohofu kwamba uraia wa nchi mbili utawapa mamlaka watu wenye mguu mmoja ng'ambo. Hofu hiyo ina makaburi nyuma yake. Lakini inahusu mamlaka na bunduki, na hivyo vinaweza kutengwa na uraia wenyewe. Kenya ilifanya hivyo katika katiba ya 2010: kifungu cha 16 kinamruhusu raia wa kuzaliwa kubaki Mkenya hata akipata uraia mwingine, na kifungu cha 78 kinamkataza afisa wa ngazi za juu wa serikali na mwanajeshi kushika uraia wa nchi mbili. Mlango umefunguliwa kwa mchezaji, muuguzi na mfanyabiashara, ukafungwa kwa jenerali.

Kwa mji ambao Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba na kuua watu, na ambao kipindupindu hakiuachi kwa sababu ya maji, kudai uwanja wa barafu kungekuwa dharau. Marekebisho ninayoyasemea hayahitaji mfuko hata mmoja wa saruji. Kifungu cha 220 kinachotaja mambo yasiyogusika katika katiba yetu hakiutaji uraia. Kifungu cha 218 kinaruhusu mabadiliko bila kura ya maoni iwapo wabunge na maseneta, wakikaa pamoja, wataunga mkono kwa watatu kati ya kila watano. Wabunge wa Uvira na Fizi walioko Kinshasa wanaweza kuwashawishi wenzao waanzishe hoja hiyo, na wapiga kura wao wana ndugu karibu katika kila mji wenye theluji wa kuwaombea.