Bujora kwa siku moja kutoka Maswa: panga hivi safari ya familia

Kila likizo ya Juni inapokaribia, ujumbe wa aina moja huingia kwenye simu ya redio yetu. Safari hii ulitoka kwa baba mmoja wa Malampaka. Ameuza pamba, ana watoto wanne na mama yake mzazi, na anataka wakaone ikulu ya watemi wa Kisukuma. Anauliza aanzie wapi, na kama inawezekana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Inawezekana, lakini si kwa kukurupuka. Mwenzetu mmoja hapa redioni aliwahi kuipeleka familia yake bila mpango. Basi aliloambiwa linaondoka alfajiri liliondoka jua likiwa juu, wakafika saa 7 mchana, na saa 8 ikabidi wageuze ili wasilale njiani. Watoto waliona geti, choo na ngoma mbili. Nauli ya watu sita ilikuwa imeshakwenda. Ndiyo maana tumeamua kuliandika jambo hili kwa kirefu, ulisome kwenye simu yako hata mtandao ukikatika.

Kwanza tuelewane kuhusu ikulu yenyewe

Neno ikulu, ambalo leo tunalisikia kwenye taarifa ya habari likihusu makazi ya Rais, lina mizizi huku kwetu. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi ikulu ni makazi ya mtemi. Mtemi naye, wazee wanasema, jina lake limetokana na kutema, yaani kukata: ni yule aliyetangulia kufyeka pori watu wakapata pa kukaa.

Ikulu nyingi za zamani zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Hazipo tena, au limebaki eneo tu ambalo ukoo unalijua. Kwa hiyo ukiwaambia watoto wanakwenda kuona jumba la mfalme lenye minara, watavunjika moyo. Unakokwenda ni Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Hakuna mtemi aliyeishi pale. Ila vitu vya ikulu nyingi vimekusanywa pale: ngoma za utawala, viti, silaha, vyombo vya nyumbani. Na jengo linalotunza ngoma hizo limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mtoto akilitazama kwa mbali, mwulize linafanana na nini kabla hujamwambia.

Wapo watakaokushauri uende Ukerewe, kwenye jumba la watemi wa Bukerebe pale Bukindo. Ni pazuri, na lile ni jumba la watemi kweli. Lakini kutoka Maswa unapaswa ufike Mwanza mjini, upande meli hadi Nansio, kisha utafute usafiri mwingine. Hiyo si safari ya siku moja. Iweke akiba kwa mwaka mwingine.

Njia ya kwenda

Kutoka Maswa mjini kuna njia mbili za lami. Ya kwanza inateremka hadi Mwigumbi, kama kilomita 50, halafu inashika barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza. Ukifika Usagara huna haja ya kuingia mjini, maana kuna barabara ya lami inayokata kutoka Usagara hadi Kisesa. Ya pili inapitia Bariadi na Lamadi, halafu Magu, na inakufikisha Kisesa kabla ya Mwanza mjini. Hii ni ndefu zaidi kwa mtu wa Maswa, lakini kwa msikilizaji wa Bariadi au Dutwa ndiyo yake. Zile njia za kukatisha kupitia Malya na Ngudu huonekana fupi ukizitazama kwenye simu. Ukiwa na bibi na mtoto mdogo kwenye gari, achana nazo.

Watu wa Malampaka hutuuliza pia kuhusu treni. Treni ya reli ya zamani haipiti kila siku, na ratiba yake haikupi nafasi ya kwenda na kurudi siku moja.

Ukipanda basi la Mwanza kwa njia ya Mwigumbi, mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Usagara, na umwulize kabla ya kulipa kama atasimama. Ukipitiliza hadi stendi ya Nyegezi, utalazimika kuvuka mji kutafuta gari la Kisesa, na mji wa Mwanza una foleni zake. Kutoka Kisesa hadi Bujora ni mwendo wa kama kilomita 2, bodaboda na bajaji zinafika.

Kwa maoni yetu, familia yenye mzee au watoto wadogo haifai kwenda kwa basi. Tafuteni familia mbili au tatu, mkodi Haisi au Noah moja, mgawane gharama. Mkubaliane na mwenye gari kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: bei ni ya kwenda na kurudi, mafuta ni ya nani, chakula cha dereva ni cha nani, na atasubiri hadi saa ngapi. Msilipe yote kabla ya kuondoka. Na mjaze watu kwa idadi ya viti, si kwa idadi ya ndugu waliotaka kwenda.

Ondokeni saa 11 alfajiri. Mkipumzika mara moja njiani, saa 3 au saa 4 asubuhi mtakuwa Bujora. Saa 9 alasiri muwe mmeshapanda gari kurudi. Sababu ya kuisisitiza saa 9 mnaijua wenyewe: kuanzia saa 11 jioni ng'ombe wanarudi kutoka malishoni, wanavuka lami kundi baada ya kundi, na giza likiingia dereva hawaoni.

Siku ipi

Jumamosi ni nzuri kuliko Jumapili. Bujora ni parokia ya Kikatoliki yenye ibada zake, na siku ya Jumapili asubuhi waumini wana shughuli zao. Kanisa lenyewe ni la kutazamwa. Ni la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na lilijengwa mwaka 1958 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Ndiye mwanzilishi wa makumbusho pia. Ambaye si Mkristo hana ulazima wa kuingia kanisani. Anayeingia avue kofia na anyamazishe simu.

Halafu kuna Bulabo. Hii ni sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo mara nyingi huangukia Juni, na Kisesa na Bujora hufurika wacheza ngoma. Bagika na Bagalu hushindana. Makundi haya yamechukua majina ya wacheza ngoma wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Wakakubaliana wacheze kwa wakati mmoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mpaka leo hakimu ni watazamaji. Wapo wanaocheza na chatu, wapo wanaotafuta kituko kipya kila mwaka ili watu wawakimbilie.

Ukitaka kuona ngoma, nenda Bulabo. Ukitaka watoto waone makumbusho na bibi apate pa kukaa, usiende Bulabo. Hatuwezi kukuchagulia, ila usijaribu kupata vyote viwili siku moja ukiwa na mtoto wa miaka mitatu.

Siku nyingine, ngoma huchezwa kwa kuagizwa mapema na hulipiwa. Kwa hiyo piga simu kabla, uulize mambo matatu: kiingilio cha mtu mzima na cha mtoto kwa Mtanzania, kama malipo ya mwongozaji yamo humo, na kama kupiga picha kuna malipo yake. Hatuandiki bei hapa kwa sababu bei hubadilika, nawe ungekuja kutudai.

Mtakapofika

Anzeni na jengo la ngoma, kwa sababu moja tu: ngoma za watemi ziko ghorofa ya juu na Bujora ni mlima wa mawe. Bibi apande ngazi asubuhi akiwa bado na nguvu. Baadhi ya ngoma hizo zina zaidi ya miaka 100, na bado hupigwa kwenye sikukuu na ugeni mkubwa. Msiziguse bila ruhusa. Kwa wazee wetu ngoma haikuwa chombo cha kuchezea tu, ilikuwa ndiyo utawala wenyewe.

Mwongozaji atawaeleza mengi, nasi tunawaongezea machache ili watoto wawe na maswali. Katika tawala nyingi za Kisukuma, zamani mtemi hakurithiwa na mwanawe bali na mtoto wa dada yake. Mtemi ndiye aliyetazamwa mvua ikigoma. Na utemi ulifika mwisho kisheria mwaka 1963, miaka miwili baada ya uhuru. Usiku mmoja mtu ni mtemi, kesho ni raia kama jirani yake, na ngoma iko ndani haijulikani iende wapi.

Sehemu ambayo watoto huganda ni ya hesabu. Inaonyesha namna ya kuhesabu moja hadi kumi kwa Kisukuma, lakini si kwa namna moja. Wavulana walikuwa na hesabu yao, wasichana yao, wanawake yao na wanaume yao, kama lugha ya siri ya kila kundi. Mpe mtoto daftari anakili.

Ipo pia nyumba ya Kisukuma na vifaa vya mganga wa jadi. Hapa mwacheni bibi awe mwongozaji.

Jambo la bibi ndilo hasa tulitaka kulifikia. Wilaya ya Maswa ya wakati wa mkoloni ilikuwa na tawala kadhaa ndani yake: Ntuzu, Itilima, Kanadi, Dutwa, Mwagala na nyinginezo. Aliyekuwa na miaka 10 utemi ulipofutwa mwaka 1963, leo amevuka miaka 70. Wanaokumbuka ikulu ya kwao ilikuwa wapi, mtemi alivaaje, ngoma ililiaje, wanapungua kila msimu, na makumbusho hayawezi kuhifadhi kitu ambacho hakuna aliyekisema. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, mkiwa nyumbani jioni, mwulize mzee alizaliwa chini ya mtemi gani. Mkifika mbele ya ngoma, washa kinasa sauti cha simu, uiweke mfukoni, umwache aongee. Usimkatize ili umrekebishe mwaka. Picha za watoto wakicheka mtazipiga nyingi. Sauti yake akieleza ndiyo hamtaipata tena.

Kwa ajili hiyo, simu iende imejaa chaji, na ufute video za zamani usiku wa kuamkia safari. Rekodi ya saa moja ya sauti inachukua nafasi ndogo kuliko video ya dakika chache.

Chakula bebeni cha nyumbani: viazi, michembe, karanga, maji ya kutosha. Pale Kisesa pana mama lishe, lakini familia tatu zikiagiza wali kwa pamoja mtasubiri, na saa 9 haisubiri. Mleteeni dereva sahani yake kwanza.

Yule baba wa Malampaka ametuambia atakwenda Jumamosi ya mwisho ya likizo. Amepata familia moja ya kushirikiana naye gari, anatafuta ya pili. Mama yake, ambaye hakuwa akitaka kwenda, aliulizwa swali la mtemi. Akajibu kwa nusu saa, kisha akauliza gari linaondoka lini.