Neno la Mgonjwa na Dhana ya Daktari: Kanuni ya Usanifu wa Programu katika Utambuzi wa Magonjwa, kwa Kurejelea Buraza na Muyinga

Makala haya yanafafanua kanuni moja ya usanifu wa programu za kompyuta, na namna inavyoweza kumsaidia mhudumu wa afya kulitambua tatizo la mgonjwa mahali penye lugha zaidi ya moja, kama Buraza katika Gitega, au Muyinga iliyopakana na Tanzania. Hoja yetu ni kwamba neno alilolitamka mgonjwa lihifadhiwe kama lilivyo, mbali na jina la ugonjwa litakalotolewa baadaye. Programu zenye nafasi hiyo zipo. Kinachopungua ni mchango wa wanaisimu.

Kanuni yenyewe ilielezwa na David Parnas mwaka 1972. Alishauri programu isigawanywe kwa kufuata hatua za kazi yake, bali kila moduli ifiche ndani yake uamuzi mmoja unaoelekea kubadilika, ili ubadilikapo, moduli nyingine zisivurugike. Miaka minne kabla yake, daktari Lawrence Weed wa Marekani alikuwa amependekeza jambo la ukoo huo huo katika tiba: jalada lipangwe kwa matatizo ya mgonjwa, na katika kila tatizo yatengwe aliyoyasema mgonjwa, yaliyoonekana kwa vipimo, anayoyadhani daktari, na anayokusudia kuyafanya. Kwa njia hiyo, dhana ya daktari ikigeuka kesho, maneno ya mgonjwa yangali pale na yanaweza kufasiriwa upya.

Katika Afrika Mashariki kanuni hizi zina historia. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta. Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, kazi ya Burke Mamlin na Paul Biondich pamoja na Hamish Fraser. Eldoret ikaanza kuitumia mwaka 2006. Kiini cha mfumo huu ni kamusi ya dhana. Swali jipya likihitajika, hifadhidata haijengwi upya. Huongezwa dhana tu. Kila dhana ina utambulisho wake usiotegemea lugha, na majina huambatishwa kwake lugha kwa lugha: jina kamili moja, lisilorudiwa kwa dhana nyingine katika lugha hiyo, kisha visawe na maneno ya kutafutia kadiri yanavyohitajika. Mwanaleksikografia ataona mara moja kwamba hii ni kamusi ya istilahi iliyopangwa kwa maana badala ya alfabeti.

Tuje Burundi. Daftari za vituo vya afya huandikwa kwa Kifaransa. Mgonjwa wa Buraza husema Kirundi, na wa Muyinga pengine Kiswahili. Tafsiri hufanyika kichwani mwa muuguzi, papo hapo, wala haiachi alama. Tuchukue mfano wa mama asemaye mwanawe amepatwa na degedege. Tafiti zilizofanywa Tanzania zimeonyesha kwamba baadhi ya wazazi huyahesabu maradhi hayo kuwa mbali na malaria, na huanzia kwa mganga wa jadi. Kwa daktari, mtukutiko ule unaweza kuwa malaria kali, au homa ya uti wa mgongo, au mtukutiko uletwao na homa nyingine yoyote ya mtoto. Daftari likipokea neno "paludisme" peke yake, anayelisoma baadaye hawezi kujua kwamba mama alitaja degedege. Uwezekano mwingine umefutwa pamoja na neno lake.

Hesabu nayo huathirika. Tangu mwaka 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano na huduma za uzazi ni bure nchini Burundi, na tangu mwaka 2010 vituo vya nchi nzima hulipwa kwa kadiri ya huduma vinazozitoa na kuzithibitisha. Kosa la kuainisha, basi, huifikia bajeti pia.

Washauri wa sera huielewa kanuni hii haraka inapohusu mipaka. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Muyinga ikaingizwa katika mkoa wa Buhumuza. Programu iliyochimbia majina ya mikoa ndani ya fomu zake itaandikwa upya, ilhali iliyoyaweka kama data itasahihishwa kwa mistari michache. Sioni kwa nini majina ya maradhi yatazamwe kwa jicho jingine.

Hata hivyo, kujaza majina si kutafsiri orodha. Neno "kichomi" ni mfano mgumu: hutumika kwa maumivu yachomayo ubavuni, na hutumika pia kwa nimonia. Likifanywa jina kamili la nimonia, mfumo utakuwa umemtambulia mgonjwa ugonjwa kabla hajapimwa. Tunapendekeza liingizwe kama neno la kutafutia chini ya dhana zote mbili. Muuguzi wa Muyinga akiliandika, kioo kitamletea mistari miwili, naye hataweza kuendelea bila kumgeukia mgonjwa na kumwuliza kama ana homa, anakohoa, na kama anapumua kwa shida.