Kompyuta Inapoanza na Mati

Panga ubao wa sataranji hivi. Mweupe ana mfalme a1 na askari wanne: a4, d4, d5 na f4. Mweusi ana mfalme a7 na askari watatu: a5, d6 na f5. Zamu ni ya mweupe. Askari wote wamezibiana njia, hakuna anayeweza kusogea. Wanaotembea ni wafalme wawili tu. Hatua moja pekee ndiyo inayompa mweupe ushindi, nayo ukiitazama haina maana yoyote: mfalme anahama a1 kwenda b1.

Hali hii inahusishwa na Lasker na Reichhelm, mwaka 1901. Reuben Fine aliiweka kuwa mfano wa 70 katika kitabu chake cha 1941, Basic Chess Endings, na watengenezaji wa programu wakaifanya mtihani wao. Ugumu wake ni kwamba faida iko mbali. Mfalme mweupe anataka kupenya b5 akale askari wa a5, au azunguke kwa h4 na g5 akale wa f5, na mweusi ana mfalme mmoja wa kulinda milango yote miwili. Programu inayochungulia hatua chache mbele haioni mlango hata mmoja ukifunguka.

Sasa piga hesabu. Tuseme kila mfalme ana njia nne za kwenda, na tunataka kuona zamu 26 mbele, yaani hatua 13 kwa kila upande. Nne ikizidishwa kwa nne mara hizo zote inatoa njia zaidi ya trilioni 4,000. Lakini hali tofauti za ubao, kabla askari yeyote hajaliwa, ni ngapi? Mfalme mmoja ana viwanja visivyozidi 64, mwenzake vivyo hivyo, na zamu ni ya huyu au ya yule: 64 mara 64 mara 2 ni 8,192, na ukiondoa zisizowezekana zinapungua zaidi. Trilioni zile zote ni safari zinazopita vituo vilevile kwa mpangilio tofauti. Kwa hiyo programu hutunza jedwali la kumbukumbu: kila hali iliyokwisha kuchunguzwa huandikwa pamoja na jibu lake, na ikitokea tena kwa njia nyingine, jibu linasomwa tu. Programu yenye jedwali hilo hutatua mfano wa 70 haraka. Isiyo nalo huzama katika marudio yake yenyewe. Mchezaji wa daraja la Amon Simutowe, mzaliwa wa Ndola nchini Zambia na mtu wa kwanza Kusini mwa Sahara kupata cheo cha grandmasta, anaweza kuupita mtihani huo bila trilioni yoyote: analinganisha viwanja, mfalme wangu akiwa hapa wako lazima awe pale.

Mbinu nyingine zinazosaidia katikati ya mchezo huharibika mwishoni. Kwa kawaida programu hukata matawi yasiyo na faida, kama wachimbaji wa chini ya ardhi kule Kamoto, Kolwezi nchini Kongo, wanaofuata mwamba wenye madini badala ya kuondoa udongo wote kama inavyofanyika kwenye shimo la wazi la Mashamba. Mkato mmoja maarufu ni kupitisha zamu: programu inajifanya imeacha kucheza, inampa mpinzani hatua mbili mfululizo, na ikiona bado iko salama inalitupa tawi lile. Mkato huo unaamini kwamba kucheza daima ni heri kuliko kukaa. Wakibaki wafalme na askari tu, imani hiyo ni uongo, kwa sababu mara nyingi anayelazimika kucheza ndiye anayeangamia. Ndiyo maana programu nzuri huuzima mkato huo wanapobaki wafalme na askari tu.

Kuna njia ya pili, na kwangu ndiyo werevu mkubwa zaidi: kuanza mwisho. Unaorodhesha kila hali ambamo mfalme tayari yuko mati, yaani ameshambuliwa na hana pa kuponea. Kisha unarudi nyuma: ni hali zipi zinazofika hapo kwa hatua moja? Na zipi humlazimisha mpinzani kuziingia hizo? Unaendelea mpaka hakuna jipya la kuongeza. Zilizobaki bila alama ni sare. Hakuna kukisia.

Ken Thompson wa Bell Labs alifanya hivyo kwa malkia dhidi ya ngome, na mwaka 1977 bingwa wa Marekani Walter Browne akaketi na malkia mbele ya mashine iliyolinda ngome kwa jedwali lililotokana na kazi hiyo. Ushindi ulihitaji hatua zisizozidi 31. Browne alishindwa kuupata ndani ya hatua 50 zinazoruhusiwa na kanuni. Aliporudia, akaikamata ngome kwenye hatua ya 50 yenyewe. Mwaka 1983 Thompson akatatua pambano lingine: maaskofu wawili dhidi ya farasi, lililohesabiwa sare tangu karne ya 19, likawa ushindi, ingawa huenda ukachukua hatua 66.

Mwaka 2012 kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Moscow ilimaliza majedwali ya kete saba, wafalme wakihesabiwa. Humo mna mati ya hatua 549, ambayo hakuna binadamu anayeweza kuieleza. Mfano wa 70 una kete tisa, hivyo majedwali hayo hayaufikii; pale utafutaji bado ndio unaofanya kazi.

Michezo yetu ya mashimo na mbegu imepitiwa pia. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliutatua awari wa Afrika Magharibi kwa kurudi nyuma hivyohivyo: hali bilioni 889, prosesa 144, na jibu likawa sare. Bao la Zanzibar, lenye mbegu 64 na mitaji, yaani hatua za kula, inayoweza kuzunguka upande wa mchezaji mara kadhaa katika zamu moja, ni gumu zaidi kulirudisha nyuma, maana hatua moja huvuruga nusu ya ubao.

Kwa anayecheza kwenye simu, majedwali ya mwisho wa mchezo yaitwayo Syzygy ya kete tano hayafiki gigabaiti moja, ya kete sita yanakaribia 150, na ya kete saba ni terabaiti zipatazo 17. Kwa bei ya mega za intaneti, pakua ya kete tano.