Takwimu za Mtaa ni Zenu

Leo nina swali: mtaa wenu ukisumbuliwa na ugonjwa wa kuhara kila mvua inaponyesha, ni nani anayepaswa kuanza kutafuta suluhisho?

Wengi husema serikali. Wengine hungoja mfadhili. Lakini choo kilichojaa mnakijua ninyi mnaoishi karibu nacho.

Oktoba 2022, kipindupindu kilizuka katika kaunti yetu ya Kiambu baada ya sherehe ya harusi huko Limuru, kisha kikaenea hadi kaunti nyingine. Ugonjwa huu hupitia maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi. Kwa hivyo choo cha jirani yako kinakuhusu.

Tangu mwaka wa 2006, Kenya imekuwa na mpango wa afya ya jamii. Kitengo kimoja huhudumia watu wapatao 5,000, na kila mhudumu wa afya ya jamii hutembelea nyumba kama 100. Anapokuuliza kuhusu choo, maji ya kunywa na chanjo ya mtoto, majibu yako si ya kupelekwa ofisini tu. Kila baada ya miezi 3 yanapaswa kurudishwa kwenu katika siku ya mazungumzo. Huandikwa idadi peke yake, bila majina: nyumba ngapi zina choo, ngapi hutibu maji. Muulize mhudumu wako siku hiyo ni lini, nawe uhudhurie.

Mkifika huko, fanyeni hivi:

1. Chagueni shida moja, ile inayowaumiza zaidi.

2. Tafuteni chanzo chake. Tuseme ni ploti ya vyumba 20 yenye choo kimoja kilichojaa. Mpangaji hawezi kuchimba choo kwenye ardhi isiyo yake. Basi mwenye ploti naye aitwe mkutanoni.

3. Gaweni kazi, na kila kazi iwe na mtu na tarehe. Wapangaji wapange zamu ya kuosha choo na waweke maji na sabuni karibu na mlango. Mwenye ploti alete gari la kunyonya choo.

4. Kila mwezi tengeni siku ya vitendo. Baada ya miezi 3, rudini kwenye ubao muone kama idadi imebadilika.

Njia kama hii imejaribiwa. Mwaka wa 2007, usafi unaoongozwa na jamii, ulioanzia Bangladesh, uliletwa Kenya. Wanakijiji hawakupewa pesa za kujenga vyoo. Walitembea kijijini pamoja, wakaona jinsi kinyesi kinavyofika kwenye chakula chao, wakaamua wenyewe kuchimba. Huko mtu huchimba katika shamba lake. Hapa Kiandutu, Makongeni au Githurai, wengi wetu tunalipa kodi, na mpangaji akilalamika peke yake anaweza kuambiwa ahame. Ndiyo maana ni vizuri wapangaji wote wa ploti waseme kwa sauti moja, wakiwa na takwimu mkononi, pamoja na mhudumu wa afya na mzee wa mtaa. Mwenye ploti akikataa, mwiteni afisa wa afya ya umma. Sheria inamruhusu kumpa notisi.

Kuongoza mabadiliko si kuisamehe serikali wajibu wake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na usafi wa kiwango kinachofaa. Mkijua hali ya mtaa wenu, mtadai haki hiyo mkiwa na ushahidi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hadi wiki ijayo, kwaherini.

Maswali ya kikundi:
Siku ya mazungumzo ya mwisho mtaani kwenu ilikuwa lini?
Ni nani hakuja, na tutamleta vipi?