Seva Inayovimba Polepole (Sehemu ya Nne): Usiku wa London, Novemba 1992

Asubuhi ya tarehe 20 Oktoba 2025, ikikaribia saa 4 kwa saa za Afrika Mashariki, mitambo ya Amazon iliyoko kaskazini mwa jimbo la Virginia, Marekani, ilianza kuyumba, na huduma nyingi duniani zikayumba nayo. Signal haikupeleka ujumbe, Snapchat ilikwama, na watu wasiojua kwamba programu zao huishi Virginia wakaanza kuzilaumu simu zao. Kampuni ilieleza baadaye kwamba programu mbili zinazojiendesha zilipishana vibaya katika kuandika rekodi moja ya DNS, mfumo wa majina na anwani ulioelezwa katika sehemu ya pili ya mfululizo huu, na rekodi hiyo ikabaki tupu.

Siku hiyo tatizo halikuanzia kwenye kumbukumbu ya seva, mada ya mfululizo huu. Hata hivyo, tukio hilo lina ndugu yake wa karibu, aliyetokea miaka 13 nyuma katika eneo lilelile, mwezi uleule, na rekodi ya DNS ikiwemo. Ndugu huyo anastahili kusimuliwa, kwa sababu ni mfano safi kuliko yote wa seva inayovimba polepole huku wenyewe wakiitazama.

Mwezi Oktoba 2012, katika mitambo hiyohiyo, seva moja iliyokuwa ikikusanya taarifa za matengenezo iliharibika na ikabadilishwa. Rekodi ya DNS ikasahihishwa ili itaje seva mpya, lakini marekebisho hayo hayakuzifikia seva zote za majina za ndani. Baadhi ya seva zinazohifadhi data za wateja zikaendelea kuitafuta seva iliyokwisha kufa. Ndani ya kila moja kulikuwa na programu ndogo ya kutuma taarifa, yenye kasoro iliyojificha: ilipoikosa seva ile, ilijaribu tena na tena kwa namna iliyokula kumbukumbu kidogo kidogo bila kuiachia. Kengele haikulia, kwa sababu programu hiyo iliruhusiwa kukosa taarifa, na kwa sababu seva za aina ile hutumia kumbukumbu yao yote wakati wote, hivyo ni vigumu kuamua ni kiwango gani ni cha kawaida na kipi ni cha hatari. Ilipofika Jumatatu, tarehe 22, seva zilikuwa hazina tena nafasi ya kuhudumia wateja. Reddit na Pinterest zilikuwa miongoni mwa walioathirika.

Programu iliyosababisha yote hayo haikuwa na kazi ya haraka hata moja. Taarifa zake zingeweza kuchelewa bila kumdhuru mtu yeyote. Ndiyo maana hakuna aliyeikagua kwa makini, na ndiyo maana mwandishi wa makala hii hachoki kuwakumbusha wahandisi vijana kwamba programu inayodharauliwa hukopa kumbukumbu kutoka mfuko uleule unaotumiwa na programu inayoheshimiwa.

Lakini kwa anayetaka kuelewa jambo hili hadi kwenye mzizi, kisa cha Virginia ni cha juzi. Kisa chenyewe ni cha London, mwaka 1992.

Huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilikuwa ikilihudumia eneo la maili za mraba zipatazo 600 lenye wakazi milioni 6.8. Kwa siku moja ilipokea simu kati ya 2,000 na 2,500. Kazi ya kupokea simu, kutafuta mahali kwenye ramani, kuchagua gari na kulituma ilifanywa kwa karatasi na sauti za watu. Uongozi uliamua kuikabidhi kazi hiyo kwa kompyuta, kwa bei nafuu na kwa muda mfupi. Mfumo ulizinduliwa kikamilifu tarehe 26 Oktoba 1992. Ndani ya saa chache ulikuwa umeshindwa kujua magari yako wapi. Ujumbe wa tahadhari ukajaa kwenye skrini kuliko wahudumu walivyoweza kuusoma, magari mawili yakatumwa kwa mgonjwa mmoja, na mwingine akasubiri bila gari. Siku mbili baadaye mkuu wa huduma alijiuzulu.

Wengi hukifunga kitabu hapo. Wanakosa sura muhimu zaidi.

Baada ya aibu ile, chumba cha kuongozea magari kilirudi nusu kwenye utaratibu wa zamani. Simu zilipokelewa kwa kompyuta, maelezo yakachapishwa kwenye karatasi, mtu akachagua gari, kisha kompyuta ikalituma. Mpangilio huo ulifanya kazi vizuri kwa siku kadhaa, na watu wakaanza kupumua. Halafu, tarehe 4 Novemba, muda mfupi baada ya saa 8 usiku, mfumo ukaanza kuwa mzito. Ukazidi kuwa mzito. Ukaganda.

Wahudumu walifanya walivyoelekezwa: walizima kompyuta zilizokuwa mezani kwao na kuziwasha tena. Haikusaidia, na isingeweza kusaidia, kwa sababu ugonjwa haukuwa mezani. Ulikuwa kwenye seva ya mafaili ambayo kompyuta zote zile ziliitegemea. Kulikuwa na seva ya pili ya akiba, lakini utaratibu wa kuhamia huko ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya mfumo kamili usiotumia karatasi, si kwa mpangilio huu wa mseto uliozaliwa kwa dharura. Hivyo akiba ikabaki imekaa tu. Wahudumu wakarudi kwenye karatasi na simu, na kwa ustadi wao wakaendelea kutuma magari hadi asubuhi.

Uchunguzi ulikuja na jibu ambalo kila mtengeneza programu angepaswa kulijua kabla ya kupewa cheti. Takriban wiki tatu kabla ya usiku ule, mtengeneza programu mmoja alikuwa akifanya kazi fulani kwenye mfumo na akaacha ndani yake kipande cha msimbo. Kila gari lilipoagizwa kwenda kwa mgonjwa, kipande hicho kilichukua sehemu ndogo ya kumbukumbu ya seva na hakikuirudisha. Sehemu hiyo ilikuwa ndogo mno hata isionekane, lakini magari ya London hayalali. Bandu bandu huisha gogo: baada ya wiki tatu kumbukumbu ilikuwa imekwisha.

Ripoti iliyochapishwa Februari 1993 ililiita kosa hilo uzembe, na ikaulaumu pia utaratibu uliokosa ukaguzi wa mabadiliko ya msimbo. Ilisema jambo jingine la haki: kosa la aina hiyo ni vigumu kunaswa na majaribio ya kawaida. Jaribio la saa moja haliwezi kuona kinachohitaji wiki tatu ili kionekane. Linaloweza kuliona ni jicho la mtu wa pili anayesoma msimbo kabla haujaingia kazini, na rekodi ya matumizi ya kumbukumbu inayotunzwa siku baada ya siku. London haikuwa na hivyo viwili. Mfumo uliofuata, ulioanza kazi mwaka 1996, ulijengwa kwa hatua ndogo ndogo na wahudumu wenyewe wakishirikishwa.

Hapa ndipo ilipo dhambi kubwa ya ufundi huu, nayo ni zima-washa. Seva inavimba, mhandisi anaiwasha upya, kumbukumbu inarudi tupu, na kila mtu anaendelea na shughuli zake. Baada ya mwezi, kuwasha upya kunawekwa kwenye ratiba ya kila usiku. Baada ya mwaka hakuna anayekumbuka kwa nini. Seva kama hiyo haijatengenezwa. Imeahirishiwa tu, na siku wateja watakapoongezeka maradufu, kumbukumbu itakwisha kabla usiku haujafika.

Jeshi la Marekani lililipa gharama ya dhambi hiyo kwa damu. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, kombora la Scud la Iraq lilipiga kambi na kuua askari 28 wa Marekani. Mtambo wa Patriot uliopaswa kulizuia ulikuwa umewashwa kwa muda wa takriban saa 100 mfululizo. Kilichokuwa kikikua ndani yake hakikuwa kumbukumbu bali kosa la kuhesabu saa: sehemu ya kumi ya sekunde haikuweza kuandikwa kikamilifu katika tarakimu zake 24 za mfumo wa jozi, na upungufu ukajilimbikiza hadi kufikia sekunde 0.34. Kwa mwendo wa Scud, hizo ni zaidi ya mita 500. Siku nne kabla, watumiaji walikuwa wametumiwa onyo kwamba kuendesha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta kosa, lakini hawakuambiwa muda mrefu sana ni saa ngapi, hivyo hawakujua wauzime na kuuwasha upya lini. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya shambulio.

Visa vyote hivi vinajulikana kwa sababu moja: kuna watu walioandika ripoti na kuichapisha. London ilichapisha, wakaguzi wa Bunge la Marekani wakachapisha, na Amazon ikachapisha ya 2012 na ya 2025. Kwetu mwananchi anasimama dirishani tangu asubuhi na kuambiwa "mfumo uko chini". Kesho yake mfumo unapanda, na hakuna anayeeleza ulishuka kwa nini. Kijana anayesomea kompyuta Dodoma au Eldoret anajifunza kutokana na makosa ya Waingereza na Wamarekani kwa sababu makosa ya nyumbani yamefungiwa kabatini. Huo si uzalendo. Mfumo unaolipiwa kwa kodi, ukianguka, unapaswa kuandikiwa ripoti ambayo mlipa kodi anaweza kuisoma, yenye tarehe, saa na chanzo, bila kumtafuta wa kumtoa kafara.

Sasa nafasi iliyobaki itumike kwa anayekabiliwa na seva inayovimba leo. Kwanza ahakikishe kwamba inavimba kweli. Linux huazima kumbukumbu isiyo na kazi ili kutunza nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni (kashe), na huiachia mara programu inapoihitaji. Kwa hiyo mstari unaoonyesha kumbukumbu tupu kukaribia sifuri ni jambo la kawaida. Namba ya kutazama ni MemAvailable, iliyoongezwa mwaka 2014 kwa ajili ya kuondoa mkanganyiko huohuo. Kama nayo inashuka siku hadi siku, atafute ni mchakato gani unaokua, achore grafu yake ya siku kadhaa, kisha ailinganishe na idadi ya wateja na tarehe za kuingiza msimbo mpya. Kashe hupanda na kutulia. Grafu inayopanda hata usiku wa manane, wateja wakiwa wamelala, ndiyo ya kutiliwa shaka.

Baadaye apige picha mbili za kumbukumbu ya mchakato huo, zikitenganishwa na saa kadhaa za kazi, na atazame ni aina gani ya vitu imeongezeka kati ya ya kwanza na ya pili. Kwa programu za lugha ya C kuna Valgrind, iliyotolewa mwaka 2002, inayotaja hadi mstari wa msimbo ulioomba kumbukumbu isiyorudishwa. Wanaotumia Java wasijidanganye kwamba wamesalimika kwa kuwa lugha yao hukusanya taka yenyewe, ufundi ambao John McCarthy aliueleza mwaka 1960 kwa ajili ya LISP. Mkusanyaji hutupa kile tu ambacho hakuna anayekishikilia. Orodha inayoongezewa kila ombi na kutopunguzwa kamwe inashikilia kila kitu kihalali kabisa.

Baada ya Oktoba 2012, Amazon iliahidi mambo yaliyo ndani ya uwezo wa hata ofisi yenye seva moja: kufuatilia kumbukumbu ya kila mchakato peke yake, si jumla ya seva tu, na kuziwekea mpaka programu zisizo na umuhimu wa haraka ili zikivimba zife zenyewe bila kuzivuta nyingine. Katika Linux mpaka huo huwekwa kwa cgroups, zilizoingia rasmi mwaka 2008. Sehemu ya tano itaonyesha namna ya kuziandika, pamoja na namna mfumo endeshi unavyochagua mchakato wa kuua pale kumbukumbu inapokwisha na mpaka haujawekwa.